Ngoma Kwenye Bahasha ya Dawa

Ukitaka tugombane, ingia famasi yetu umwite dada "muuza vidonge". Wapo waliojaribu. Mmoja alikuwa dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Msata, anataka vidonge vya kumtoa usingizi kwenye usukani. Akanyimwa. Akatoka anasema mwanamke huyu anajifanya daktari na yeye muuza vidonge tu, kama muuza karanga. Mimi nilikuwa nafuta vioo. Nikamfuata mpaka kwenye lori lake na kitambaa changu mkononi, nikamweleza nilichomweleza, na utingo wake alicheka mpaka akakaa chini. Niliporudi ndani natweta, nikijua nitasifiwa, dada akaniuliza, "Kile kioo umeshamaliza?"

Si dada yangu wa tumbo moja. Ni bosi wangu. Ni fundi dawa, kasomea, cheti chake kimeangikwa ukutani juu ya friji ya chanjo na insulini, na duka lote pale Bagamoyo linamtegemea yeye. Mfamasia msimamizi huja kutoka Dar, anakagua, anaondoka. Watu wanamwita daktari na yeye kila mara anawarudi: "Mimi si daktari. Daktari anaandika, mimi natoa. Mkituchanganya mtakuja kuumia." Anasema kwa upole huo huo kila mara, asubuhi mpaka jioni. Mimi ningeshachoka zamani.

Kwa upande wangu sikusomea kitu. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu hataki yatajwe mbele ya wageni. Nilikuwa nauza maji na vocha stendi. Dada alinisikia siku moja nikimtetea mama mmoja aliyeshushwa sipo na mizigo yake, nikimpigia kondakta kelele mpaka akambebea mwenyewe. Akaniita pembeni. "Mtu wa kufagia namtaka," akasema, "na sauti hiyo naitaka pia, ila nitaipunguza." Mpaka leo anaipunguza.

Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kumhudumia mteja wala kugusa dawa iliyofunguliwa. Nafagia, napiga vumbi, nafungua maboksi, napanga shelfu. Nikadhani kupanga shelfu za dawa ni kama kupanga soda. Siku dada ametoka kidogo nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha, nikapanga boksi zote kwa rangi: nyeupe huku, buluu huku, za kijani juu. Duka likapendeza kama la vipodozi. Akaja na mteja nyuma yake, akasimama katikati, akazunguka na macho polepole.

"Umepamba vizuri," akasema. "Haya, nipatie dawa ya minyoo ya mtoto."

Nilitafuta mpaka mteja akaaga.

Ndipo akanikalisha. Dawa zinakaa kwa kazi zake: za presha na presha, za sukari na sukari, za kupaka mbali na za kunywa. Ndani ya kazi zinakwenda kwa jina. Na katika jina moja, inayokaribia kuisha muda inakaa mbele ili itangulie kutoka. Aligeuza kila boksi tarehe inionyeshe uso. "Boksi lisilokuonyesha tarehe limekugeuzia mgongo," akaniambia, "na mtu aliyekugeuzia mgongo hujui anafanya nini." Nilimpenda kwa maneno hayo. Mpaka leo hata nyumbani napanga unga na sukari tarehe mbele, mama anasema nimerogwa.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Ndani ya kila boksi kuna kikaratasi kimekunjwa, maandishi kama mchanga, na boksi likiisha kikaratasi kinatupwa. Nikawa navichukua. Nilivisoma kwenye foleni ya maji, nilivisoma nikikoroga uji, Kiingereza chake kigumu nikikitafuta kwenye simu neno moja moja. Nikajua zile herufi za daktari: OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Siku niliposoma cheti cha daktari peke yangu, mwandiko umelala kama nyasi zilizopigwa na mvua, nikakisoma mpaka mwisho, nikampa dada akakagua. Alinisogezea sahani ya kuhesabia vidonge na kile kijiti chake bapa, akasema, "Usiguse kwa mkono." Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele, watu wakaniuliza kama nimeposwa.

Mambo aliyonifundisha dada hayamo kwenye vile vikaratasi. Mteja akija akaanza kuangalia pembeni, akaulizia bei ya miswaki na hataki mswaki, dada anaongeza redio. Kidogo tu. Yule mtu anasogea kwenye kona ya kaunta, ananong'ona shida yake, na aliyeko kwenye benchi anasikia taarabu. Hajawahi kuniambia kwamba anafanya hivyo. Niligundua mwenyewe, na nilipogundua nilitaka kutoka nje niwaambie watu wa mtaa mzima.

Na kuna sheria yake moja kubwa: mteja hatoki mpaka arudishe maneno. Wewe umemweleza dawa, sasa yeye akueleze wewe. Wengine wanachukia. "Mimi mtu mzima," mzee mmoja alisema, "unanisomesha kama madrasa?" Dada akamjibu, "Nirudishie tu nikae na raha, baba." Mzee akarudisha, akakosea, wakacheka wote wawili, akarudisha tena.

Wasiosoma, anawachorea. Kwenye bahasha ya dawa anachora jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na chini ya kila mchoro vidonge vya kumeza, duara moja au mawili. Inatosha. Shida ni Ramadhani. Ramadhani jua halina kazi, mtu amefunga kutwa. Daktari inabidi abadilishe saa za dawa, hasa kwa wagonjwa wa sukari, na wale wa vyeti vya kudumu dada anawaita tangu mwezi wa Shaabani, mmoja mmoja, anawarudisha kwa daktari wao kwanza aseme nani anaweza kufunga na nani asithubutu. Ndipo anaandika bahasha upya.

Mwaka ule akaja na wazo. Futari akaichora tende. Na daku akaichora ngoma, kwa sababu mjini kwetu vijana wa daku wanapita na ngoma na makopo kuamsha watu, na hakuna asiyewasikia labda aliyekufa. Ngoma ikipita, meza. Mimi ndiye niliyezichora nyingi, mkono wangu una uwezo kidogo, ingawa wapo waliosema ngoma yangu ni ndoo. Niliona wazo lile ni akili iliyopitiliza. Nilimsimulia kila mtu. Nilimsimulia mpaka muuza samaki ambaye hakuniuliza.

Katika wagonjwa hao alikuwepo bibi mmoja wa Mji Mkongwe, hapa hapa Bagamoyo. Mwembamba, kanga zake zimenyooka, anaongea kama anakuchuna. Bibi huyu alikuwa na sukari, na alikuwa na haja moja tu duniani: afunge. Alisema tangu alipovunja ungo hajaacha funga isipokuwa kwa uzazi na hedhi, na hizo amezilipa zote.

"Sukari imenichukulia meno, imenichukulia macho," alimwambia dada pale kaunta. "Ramadhani yangu haiichukui."

"Daktari kasema unaweza, bibi, ila ukiona mwili unatetemeka unafungua. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Na daku unakula?"

"Nakula, mwanangu. Mtume kasema tule daku."

"Kidonge cha daku ni pamoja na chakula. Haya, nirudishie."

Bibi akashika bahasha mbali na macho. "Nikishika tende, viwili. Ngoma ikipita, kimoja." Akanigeukia mimi. "Na hii ngoma kachora nani, mbona kama karai?"

Tulicheka. Alirudisha maneno vizuri kuliko wote siku ile.

Kumi la kwanza la mfungo lilipita salama. Ilikuwa baada ya alasiri, joto limekaa juu ya mji kabla ya masika, mimi nimefunga na koo limekauka, na hapo ndipo mjukuu wa yule bibi akaingia. Kijana wa bodaboda, kofia ya pikipiki bado kichwani. Bahasha ya bibi ameishika kwenye ngumi.

"Nani kampa bibi yangu dawa hizi?"

"Kaka, anza na salamu," nikasema.

"Salamu mtampa akishakuwa maiti."

"Usitupakazie. Nani ajuaye bibi yako kala nini huko."

"Kala nini na mtu kafunga? We msichana una akili timamu?"

Mimi nikawaka. Nilishavuka kaunta, namwambia famasi hii si ya kuingia unarusha mikono, namwambia ninyi ndio mnaowaacha wazee peke yao halafu mnatafuta wa kumlaumu. Naye ananirudishia, ameshika kiuno. Dada akapita katikati yetu kama hatupo.

"Yuko macho?" akamuuliza.

"Yuko macho. Anatetemeka, jasho, anaongea vitu havieleweki. Jirani kamtia sukari mdomoni, anaitema, anasema kafunga."

Dada alishachukua kipimo cha sukari kwenye droo. "Funga shata," akaniambia. Tukapanda pikipiki ya yule kijana mshikaki, yeye mbele, dada katikati na kipimo kifuani, mimi nyuma nimemshika dada na moyoni natunga maneno ya kummaliza mjukuu tukifika.

Bibi alikuwa amelazwa barazani juu ya mkeka, jirani anampepea. Kanga imelowa. Dada akapiga magoti, akatoboa kidole, akatazama namba, na nikaona uso wake umebadilika. Alichukua glasi ya maji ya sukari akaisogeza.

"Bibi, funga imeisha hapa. Kunywa."

"Magharibi imekaribia," bibi akasema, ulimi mzito.

"Hutaiona. Kunywa, mama yangu."

"Siwezi."

"Dini umeijua kabla mimi sijazaliwa, na unajua mgonjwa ameruhusiwa. Mimi nakwambia la damu yako. Kunywa."

Akanywa. Alilia akinywa, bila sauti, maji yanapita na machozi yanapita. Yule mjukuu akageukia ukuta. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote tayari; nikapokea upepeo kwa jirani, nikampepea bibi.

Tukakaa. Dada akapima tena, namba ikapanda, akampa kipande cha mkate. Bibi akarudi mwenyewe kidogo kidogo, nilijua karudi aliponitazama akasema, "Na huyu mwenye karai kaja kufanya nini?" Dada akampigia daktari simu, akaambiwa amlete hospitali. Wakati jirani ametoka kutafuta bajaji, dada akakaa kitako mkekani karibu na bibi.

"Nieleze jana ulivyofanya, tangu adhana ya magharibi."

"Nimefanya ulivyochora."

"Najua. Nieleze tu."

"Nimeshika tende, nimemeza viwili. Nikanywa uji, nikala muhogo. Nikasali, nikaenda tarawehe. Niliporudi nikala daku yangu, wali kidogo na mchuzi, nikalala. Ngoma ikapita, nikanyoosha mkono, nikameza kimoja na funda la maji, nikanuia, nikalala mpaka alfajiri."

Dada akaichukua bahasha mkononi mwa mjukuu, akaitazama ile ngoma.

"Daku unaila kabla ya kulala," akasema.

"Siku zote. Kwa fizi hizi niamke saa kumi nitafune nini? Mama yangu alikuwa anakula hivyo, na bibi yangu."

Nilielewa hapo hapo, na nilivyoelewa nikaruka kumtetea dada. Ndivyo nilivyo, siwezi kujizuia. "Lakini bibi, uliambiwa kidonge na chakula. Mimi nilikuwepo. Uliambiwa pale kaunta na ukaitikia."

"Nyamaza," dada akasema. Hakupandisha sauti, ila hajawahi kuniambia neno hilo kabla wala baada. Kisha akamgeukia mjukuu. "Bibi hajakosea. Amefanya nilichomchorea. Nimemchorea ngoma, sikumchorea sahani. Nimemuuliza kama anakula daku, sikumuuliza anakula saa ngapi. Kidonge kimeingia tumboni hakuna kitu, na kutwa nzima hakuna kitu. Kosa ni langu."

Yule kijana alikuwa amekuja kupigana. Ulikuwa unaona mikono yake haijui ishike nini. "Kwa hiyo unakubali," akasema.

"Nakubali. Na nina wagonjwa wengine wenye ngoma hii majumbani mwao, na usiku ngoma itapita tena. Pikipiki yako ina mafuta?"

Mimi nimewaona watu wazima wengi wakikosea. Nimewaona walimu, makondakta, wajomba zangu. Kila mmoja alitafuta wa kumsukumia. Dada alikuwa na mimi pale pale, mchoraji mwenyewe, angeweza kusema msichana wangu kachora vibaya na kila mtu angeamini, ngoma zilivyokuwa karai. Haikumpitia hata kichwani. Nilikaa kwenye ile baraza nikajua kwamba mwanamke huyu hata akiniambia nifagie bahari nitatafuta fagio.

Bajaji ikaja, akaondoka na bibi kwenda hospitali. Kabla hajapanda akanipa maagizo, na akanilazimisha nimrudishie maneno kama mteja. Nisibadilishe dozi ya mtu. Nimuulize kila mmoja saa anayokula na saa anayomeza. Anayemeza na chakula, aendelee. Anayemeza tumbo tupu, kidonge cha daku akiache mpaka dada ampigie baada ya kuongea na daktari.

Kwa hiyo nikajikuta nyuma ya pikipiki ya mtu niliyetaka kumng'oa kofia.

"Bosi wako mtu," akasema bila kugeuka.

"Si bosi. Ni dada."

"Sawa. Na wewe mdomo huo ulizaliwa nao?"

"Angalia barabara, kaka."

Tukaenda Mbegani kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa nyavu. Akatucheka. "Mimi ngoma siisikii, masikio yameshakwenda. Ananiamsha mke wangu kwa kiwiko, tunakula, ananipa kidonge. Ngoma yangu ni yule pale." Mkewe akasema toka jikoni, "Na siku nikikasirika hakuna daku." Huyo alikuwa salama. Tukarudi mjini, mlango kwa mlango, na tukawakuta wengine wanaofanya kama bibi: wazee wanaoishi na usingizi mwepesi na meno machache, wanakula mapema, ngoma ikipita wananyoosha mkono. Mmoja alikuwa ameshikwa na kizunguzungu siku mbili, akadhani ni joto. Niliacha ujumbe wa dada na jasho linanitoka, na si la jua.

Wa mwisho alikuwa mama wa Kiwangwa, huko kwenye mananasi na mihogo. Ni mbali na magharibi ilikuwa inakaribia, nikampigia. Nikamuuliza anameza saa ngapi kidonge cha ngoma.

"Ngoma gani, mwanangu?" akasema. "Huku kwetu hapiti mtu na ngoma. Huku ni sisi na nguruwe wa porini. Bahasha kaniletea kijana wangu, mimi sikufika kwenu. Nilimuuliza jirani mchoro huu nini, akasema ni ndoo. Nikajua nimeze nikienda kuteka maji."

"Na unateka maji saa ngapi, mama?"

"Nikishakula daku, kabla ya adhana. Nateka ya udhu."

Kwa hiyo alikuwa anameza na chakula, sawasawa na daktari alivyotaka, kwa sababu nachora vibaya. Nilikata simu nikacheka peke yangu barabarani mpaka mjukuu akasimamisha pikipiki akaniuliza kama njaa imenipanda kichwani. Nilipomweleza naye akacheka. Adhana ikatukuta hapo, tukafuturu maji ya chupa na kashata aliyokuwa nayo mfukoni. Kashata ilikuwa imelainika kwa joto. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Kesho yake dada alikaa na rundo la bahasha. Daktari alikuwa ameshampa majibu ya kila mtu. Tukazibadilisha zote. Safari hii nilichora sahani ya wali na mkono unaingia kwenye sahani, na kidonge kando ya mkono. Watu walisema mkono ule ni mguu wa kuku. Sikujali. Na swali kwenye kaunta likabadilika. Dada hakuuliza tena kama mtu anakula daku. Aliuliza, "Jana ulikula saa ngapi, na ulimeza saa ngapi?" akasubiri jibu, hata foleni ikinung'unika.

Lakini bibi tulimpoteza kama mteja. Daktari alimpima, akamwambia mwaka huu basi, asifunge tena. Bibi akasema daktari ni mtoto mdogo. Akaitiwa shekhe wake, shekhe akamwambia vile vile, mgonjwa asiyetarajia kupona analisha maskini kwa kila siku aliyokula, hiyo ndiyo fidia yake. Shekhe alimtii. Akakaa ndani. Mjukuu alituletea habari: halaumu kidonge, halaumu ngoma, analaumu ile glasi ya maji ya sukari, na mkono uliomshikia glasi. Dawa zake sasa anachukuliwa duka jingine.

"Mwache," dada akasema.

Mimi sikuweza kumwacha. Nilitaka niende pale barazani nimwambie bibi, mwanamke huyu kakuokoa na wewe unamnunia. Nilishavaa viatu. Dada akasema, "Amepoteza kitu alichokipenda, na mimi nilikuwepo kikipotea. Ungemnunia nani wewe?" Nikavua viatu.

Zikapita siku. Kila anayeingia amejifunga ushungi, dada alikuwa anainua macho haraka.

Kumi la mwisho limeshaanza, tunakaribia kufunga duka tukafuturu, pikipiki ikasimama mlangoni. Mjukuu akaingia na bakuli kubwa limefunikwa kawa. Akalitua kaunta kwa heshima, kama cheti. Akafunua. Muhogo wa nazi, unafuka moshi, na samaki wa kukaanga juu.

"Bibi anawasalimu," akasema. "Anasema fidia ni kwa maskini, na yeye toka ajue watu hajaona maskini kama ninyi wawili. Mnakaa kutwa kwenye sanduku la vioo hamna hata jiko."

Dada alitazama lile bakuli. Akacheka, na katikati ya kucheka akashika pua kwa ncha ya ushungi. Adhana ilipolia tulikula kwa mikono, watatu, kwenye meza ya kupokelea mizigo, tukiwa tumesogeza maboksi. Sijala muhogo mtamu kama ule.

Bakuli halirudi tupu, hilo kila mtu kwetu analijua. Nikaliosha, nikalijaza tende nzuri tulizokuwa nazo. Dada akaja akazitoa zote.

"Unampelekea sukari mgonjwa wa sukari?"

"Si zawadi?"

"Weka matango na ndimu." Juu yake akaweka bahasha mpya ya dawa, tupu, atilie vidonge vya lile duka jingine. Bibi hafungi tena, kwa hiyo ilikuwa na majua na mwezi, kama zamani. Nilizichora mimi, taratibu, kila mwale wa jua kwa rula.

Nikaenda nayo mwenyewe. "Shikamoo bibi," nikasema. Alikuwa barazani anachambua mchele. Akaitika marahaba, akachukua bakuli, akanusa ndimu, akaishika bahasha mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Majua yako afadhali," akasema. "Umejifunza." Akaiingiza kwenye pindo la kanga. Kisha, mimi nimeshaanza kuondoka, akaniita. "We mtoto. Kamwambie muuza vidonge kesho ni tambi. Na aje ale hapa, bakuli langu zito."

Nilisimama. Neno lile liliingia masikioni na damu ikapanda kama kawaida yake, mdomo ukafunguka. Nikamwangalia bibi, na yeye ananiangalia, anasubiri aone nitafanya nini.

"Nitamwambia, bibi. Tutakuja," nikasema.

Nikaufikisha ujumbe wote, neno kwa neno. Dada akaacha kuhesabu vidonge. "Kasema muuza vidonge?"

"Kasema hivyo hivyo."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia tutakuja."

Akarudi kwenye sahani yake, anasukuma vidonge kwa kile kijiti, na alikuwa anatabasamu.